Badilisha Jina Tu

Katika riwaya za Muhammed Said Abdulla nilizosoma, sijawahi kumkuta Bwana Msa amevaa sweta. Kwangu mimi amevaa. Nimemshusha kwenye basi pale Usa River mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, Mlima Meru umefunikwa na ukungu mpaka kwenye migomba, na kiko hakiwaki kwa sababu kiberiti kimelowa. Najum yuko nyuma yake na mabegi. Wamekuja kwa sababu mzee mmoja amekutwa amekufa kwenye mfereji wa maji juu kule Nkoaranga, na kijiji kizima kinasema ni laana.

Hadithi yenyewe ina kurasa 42 na inaitwa "Bwana Msa Apanda Meru". Niliiandika kwa ajili ya kundi letu la wasomaji hapa Arusha. Tuko ishirini na watatu, tunakutana Njiro kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na siku nyingine tunabishana kwenye WhatsApp. Hadithi za namna hii zinaitwa hadithi za mashabiki: msomaji anampenda mhusika wa mtu mwingine kiasi kwamba kitabu kikiisha yeye haishi. Anachukua kalamu na kuendelea. Mtandaoni kuna ghala zima za hadithi hizi kwa lugha nyingi, za Harry Potter, za wapelelezi, za wachezaji mpira. Kwa Kiswahili zipo pia, ila mara nyingi hatuzipi jina, tunazisoma tu.

Basi, nakala moja ikamfikia mzee mmoja mwenye mashine ya kuchapa jirani na Soko Kuu. Akanipigia simu niende.

"Mwalimu, hii nakuchapia nakala mia mbili. Tunauza elfu tano tano. Kabla ya Krismasi zimeisha."

"Mzee wangu, Bwana Msa si wangu."

Akacheka. "Badilisha jina tu. Muite Bwana Musa, muite Bwana Mosi. Nani atakushtaki?"

Mia mbili mara elfu tano ni milioni moja. Hata ukitoa gharama za karatasi na wino, kwa mwalimu wa sekondari inayobaki si hela ya kukataa huku unapiga miayo. Nikamwambia anipe muda nifikirie. Makala haya ndiyo niliyoyafikiria.

Nianze na sheria, maana watu wengi tukisikia neno hakimiliki tunadhani ni mambo ya wanamuziki na CD feki. Nina rafiki wakili. Nilimpelekea hadithi, naye akanirudishia maelezo ambayo nayaweka hapa kwa lugha yangu. Tanzania Bara tunaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999. Zanzibar wana yao ya mwaka 2003, kwa sababu jambo hili si la Muungano. Sheria ya 1999 inampa mwandishi haki za aina mbili. Kuna haki za kiuchumi: yeye peke yake ndiye wa kuruhusu kazi yake inakiliwe, isambazwe, itafsiriwe au igeuzwe iwe kitu kingine. Halafu kuna haki za kimaadili: atajwe kuwa ndiye mwandishi, na aweze kupinga kazi yake isiharibiwe kwa namna ya kumvunjia heshima.

Haki za kiuchumi zinadumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Muhammed Said Abdulla alizaliwa mwaka 1918, akafariki mwaka 1991. Kwa hesabu hiyo Bwana Msa anakuwa huru Januari 1, 2042. Nitakuwa na miaka hamsini na minane, nasubiri barua ya kustaafu.

"Kwa hiyo, dada," wakili akaniambia, "ukiichapa na kuiuza hivi ilivyo, uko hatarini. Na hilo kundi lenu la WhatsApp usidhani liko salama sana. Sheria inakuruhusu matumizi yako binafsi. Watu ishirini na watatu si wewe binafsi."

"Na nikibadilisha jina?"

"Ukibadilisha jina, kiko, huyo rafiki yake na tabia zao, kesi inaishiwa nguvu. Sheria inalinda namna wazo lilivyoelezwa, hailindi wazo lenyewe. Mpelelezi mwerevu mwenye rafiki ni wazo. Hakuna mwenye hati yake."

Hapo ndipo niliposhtuka. Ushauri wa wakili na ushauri wa mzee wa mashine vilikuwa kitu kimoja: futa jina, utakuwa salama. Nikamwuliza pia kuhusu Sherlock Holmes. Arthur Conan Doyle alikufa mwaka 1930, kwa hiyo kwa hesabu yetu ya miaka 50 muda wake ulishapita zamani. Hata Marekani, ambako walichelewa, hadithi zake za mwisho ziliachiwa mwanzoni mwa mwaka 2023. Maana yake ni hii: kisheria naweza kumleta Sherlock Holmes Tengeru kesho asubuhi akanywe kahawa ya Meru na kula loshoro, na nikauza. Ila kumleta Bwana Msa kutoka Unguja, mtu anayesema lugha yangu, siwezi mpaka 2042. Sisemi sheria ni mbaya. Miaka 50 ni ya kuwatunza watoto na wajukuu wa mwandishi, na waandishi wetu wachache walioacha nyumba ya ghorofa. Nasema tu kwamba sheria inapima kitu kimoja, na adabu inapima kingine.

Jiji letu lina mtu aliyeshika vipimo vyote viwili. Uwanja wetu wa mpira unaitwa Sheikh Amri Abeid, na ukiwauliza wanafunzi wangu, wengi watakwambia alikuwa mchezaji. Alikuwa mshairi. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, ambacho mpaka leo wanaobishana kuhusu vina na mizani wanakitaja. Baada ya uhuru akawa Waziri wa Sheria. Nikipita pale uwanjani huwa nawaza kwamba mtu huyu alijua kuna sheria zinazotungwa bungeni na sheria zinazotunzwa na watunzi wenyewe, na kwamba za pili nazo ni sheria, ingawa hazina polisi.

Watunzi wa Kiswahili walishalijadili suala hili la mashabiki muda mrefu kabla ya intaneti, kwa vitendo. Chukua takhmisa. Mshairi anachukua shairi la mtu aliyemtangulia, lenye mishororo miwiliwili, na juu ya kila miwili anatunga mitatu ya kwake, kwa vina vinavyokubaliana na vya mwenzake. Jumla mitano. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, huyu wa Al-Inkishafi, aliyafanyia hivyo mashairi yanayonasibishwa na Fumo Liyongo, na kazi hiyo tunaiita Takhmisa ya Liyongo. Tazama ilivyojengwa. Maneno ya Liyongo hayakuguswa, yamekaa chini pale pale yalipokuwa. Ya Sayyid yako juu. Msomaji akitaka anaweza kuchukua rula na kupiga mstari kati ya ya huyu na ya yule. Mshono uko nje, kila mtu anauona, na hakuna aliyewahi kumwita Sayyid mwizi.

Kujibizana kwa malenga magazetini ni ndugu wa jambo hilo hilo. Unachukua kina cha mwenzako, wakati mwingine na picha zake na mafumbo yake, unamgeuzia. Lakini unamtaja. Ukimjibu mtu bila kumtaja hujamjibu, umemnong'ona.

Sasa angalia upande wa riwaya. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ambayo vizazi vingi vimeisoma shuleni, mifupa yake imetoka katika Alfu Lela U Lela, kwenye kisa cha Abdallah bin Fadhil na ndugu zake wawili waliogeuzwa mbwa. Kwa Shaaban Robert ndugu wakawa manyani, mfalme akawa Rai, na kisa cha Baghdad na Basra kikawa hoja yake mwenyewe kuhusu wivu na utu. Kisa kile hakikuwa na mwandishi mmoja wa kuombwa ruhusa. Wala hakikuwa siri, maana watu wa pwani walikuwa wanasimuliana Alfu Lela tangu enzi za mababu.

Na Muhammed Said Abdulla mwenyewe? Mpelelezi mwenye kiko, akili kali, na rafiki anayemfuata nyuma akishangaa: anayemjua Holmes anamwona Holmes pale. Lakini jaribu kumrudisha Bwana Msa London. Hatoki. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957 hadi 1958 na kuchapwa mwaka 1960, imeota Unguja. Kiswahili chake, siri za koo, watu kuogopa mizimu wakati muuaji ana miguu miwili, vyote hivyo havikuazimwa Uingereza. Abdulla alichukua umbo akalijaza udongo wa kwao mpaka umbo likawa lake. Hakuhitaji kufuta jina la mtu, kwa sababu hakubeba mtu. Alibeba wazo.

Hiyo ndiyo tofauti aliyoiruka mzee wa mashine. Bwana Msa wangu si wazo. Ni Bwana Msa. Kila kichekesho kwenye zile kurasa 42 kinategemea wewe kumjua tayari, na sweta inachekesha kwa sababu unajua anatoka kwenye joto. Nikimwita Bwana Mosi sijaumba mtu mpya, nimemvalisha barakoa mtu wa Abdulla na kumpeleka sokoni. Mfano mkubwa wa duniani ni Fifty Shades of Grey ya E. L. James. Ilianza mtandaoni kama hadithi ya mashabiki wa Twilight ya Stephenie Meyer, wahusika wakiitwa majina yale yale. Majina yakabadilishwa, vitabu vikauzwa kwa mamilioni. Wengi wanaona ndivyo inavyotakiwa kufanywa. Mimi naona hapo sheria imetulia na adabu imebaki inakuna kichwa.

Utaniambia ni rahisi kuhubiri ukiwa wewe ndiye unayeazima. Haya, niseme na yaliyonikuta nikiwa mimi ndiye ninayeazimwa.

Nina hadithi yangu ya mfululizo, wahusika wote ni wa kwangu, inahusu dada wawili wanaouza mitumba Kilombero. Mwaka jana ilitokea mara mbili ndani ya miezi mitatu. Kwanza, ukurasa mmoja wa simulizi ulichukua sehemu sita za hadithi hiyo, neno kwa neno, hata nukta moja niliyoisahau ilisahauliwa vile vile. Kitu kimoja tu kilibadilika: jina la mwandishi. Watu wakawa wanampongeza huyo bwana, wanamwomba sehemu ya saba, naye anawaambia itakuja.

Pili, msichana wa kidato cha nne aliniletea daftari. Ameiendeleza hadithi ile ile. Ameipeleka Moshi, ameongeza mume, amebadilisha tabia ya mdogo, na katika sura ya tatu amemuua dada mkubwa. Huyo dada mkubwa nilimtoa kwenye maisha ya mtu ninayempenda. Nilisoma kifo chake nikiwa kwenye daladala la Tengeru, nikapitiliza kituo. Juu ya ukurasa wa kwanza, kwa kalamu nyekundu, alikuwa ameandika: "Wahusika ni wa Mwalimu. Kifo ni changu."

Mmoja hakubadilisha kitu ila jina. Mwingine alibadilisha kila kitu akaacha jina. Kwa maandishi ya sheria, wote wawili waligusa kazi yangu bila ruhusa, na pengine huyu binti ndiye aliyeniumiza zaidi, maana yule bwana hakumuua mtu. Lakini nilipomwita binti ofisini nilimwomba sura ya nne. Yule bwana nilimwandikia mara mbili hakujibu, na mpaka leo nikikutana na sehemu ya pili ya hadithi yangu yenye jina lake mwili unanisisimka.

Kwa nini? Nimejiuliza sana. Nadhani ni kwa sababu binti alimwachia msomaji njia ya kurudi. Anayechukizwa na kifo kile anajua pa kwenda kumkuta dada mkubwa akiwa hai, na anajua wa kumlaumu. Jina likifutwa njia hiyo inazibwa. Mwandishi wa kwanza anakuwa kama mtu aliyezikwa bila alama, na watu wanalima juu yake bila kujua.

Kuna wanaosema basi kutaja kunatosha, sisi Waswahili hatuna habari za ruhusa. Hapana. Naona wanachanganya sebule na duka. Ninavyoielewa jadi ya takhmisa na majibizano, ilikuwa ya heshima kwanza, si ya kuuza nakala. Hela ikiingia, jina peke yake linageuka tangazo la biashara. Nikiandika "Bwana Msa" kwenye jalada na kuuza elfu tano, wanunuzi wangapi watakuwa wananinunua mimi? Wananunua jina la marehemu, na marehemu ana warithi. Angalia walivyofanya watafsiri wa filamu. Kapteni Mukandala, yule Lufufu, alichukua filamu za watu, akaweka sauti yake juu, akawapa waigizaji methali zetu, na vibanda vikajaa. Nilikua nikimsikiliza kwenye kibanda kimoja Unga Limited na sitasema kwamba ile haikuwa sanaa. Ilikuwa sanaa kubwa. Na mwenye filamu hakuonja hata senti, hilo nalo ni kweli. Yote mawili yakae mezani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Sebuleni, mtaje mwenyewe, acha mshono uonekane, usimfanyie mhusika jambo ambalo usingeweza kulisoma mbele ya aliyemzaa bila kumtazama usoni. Hapo sheria inaweza kununa kidogo, lakini adabu imekaa. Dukani, jina halitoshi: omba ruhusa na toa fungu. Na popote pale, ikiwa njia pekee ya kuwa salama ni kumfuta aliyekufundisha, basi huo usalama uache.

Nilimrudia mzee wa mashine nikamwambia hapana, sibadilishi jina. Alinitazama kama mtu aliyeacha hela barabarani. Mwezi uliopita nimetuma barua COSOTA, yaani ofisi yetu ya hakimiliki, kuomba wanielekeze kwa warithi, na nyingine nimeielekeza Zanzibar. Kumtafuta mwenye haki za kitabu cha mwaka 1960 ni upelelezi wa Bwana Msa mwenyewe. East African Literature Bureau ilikuwa chombo cha pamoja cha nchi zetu, na Jumuiya iliyokibeba, yenye makao yake hapa hapa Arusha, ilivunjika mwaka 1977. Vitabu vyake vingine vilitoka kwa wachapishaji wengine. Kila karatasi inakutuma kwenye karatasi nyingine.

Familia ikikubali, mzee atachapa, na fungu lao litatoka kabla ya langu. Ikikataa, kurasa 42 zitakaa kwenye bahasha mpaka 2042. Hilo nimeshalikubali, ingawa si kwa moyo mweupe kama ninavyoliandika. Zile bati nilizokuwa nimeshazihesabu kichwani zitanunuliwa kwa njia nyingine.

Ukurasa wa kwanza wa mswada nimeshauandika upya. Nimeiga kwa mwanafunzi wangu, na nimemwambia hivyo: "Bwana Msa na Najum ni wa Muhammed Said Abdulla. Mlima, baridi na maiti ni vyangu."

Wewe uliyesoma mpaka hapa, kama hujawahi kukutana na Bwana Msa, usianze na wa kwangu. Tafuta Mzimu wa Watu wa Kale, au Kisima cha Giningi, maktaba au kwa wauza vitabu vya zamani. Na kama unaandika hadithi yako juu ya mgongo wa mtu, nitafurahi kujua umeandika nini kwenye mstari wa kwanza.